Tasfida ya Pipa: Lugha ya Diplomasia ya Mafuta na Sisi Tunaoilipia

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka inayosimamia sekta ya kawi nchini Kenya hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa. Usiku wa manane bei hizo huanza kutumika, na kabla ya juma kwisha nauli ya matatu, bei ya unga na gharama ya kusafirisha sukumawiki kutoka shambani hadi sokoni huwa zimekwisha kuzifuata. Mwananchi hulipokea tangazo hilo kama apokeavyo kiangazi: hulalamika, humwomba Mungu, kisha huendelea na maisha. Hata hivyo, bei si kiangazi. Imeundwa, na miongoni mwa waundaji wake wamo mawaziri wa nchi zinazouza mafuta, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakikutana mjini Vienna kuamua dunia ipate mapipa mangapi.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba siasa za mafuta si uwanja wa wanauchumi peke yao. Kwa kiasi kikubwa, nguvu ya nchi hizo imekaa katika maneno: katika matamko, migawo na maafikiano ambayo hubadilisha bei hata kabla ya pipa moja kuongezwa au kupunguzwa. Aidha, maneno hayo yamejaa tasfida. Tunafundishwa kwamba tasfida husitiri aibu na kupunguza makali ya kauli. Ninashikilia kwamba katika diplomasia ya mafuta tasfida husitiri jambo moja hasa, nalo ni mtu atakayelipa. Kwa kuwa mtu huyo mara nyingi ni sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili hatuna budi kuyasoma matamko hayo kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma riwaya au utenzi.

Mwenye Kisima na Mwenye Kamusi

Haki itendeke kwanza kwa wauzaji. Kabla ya mwaka 1960, sehemu kubwa ya biashara ya mafuta duniani, nje ya Marekani na kambi ya Kisovieti, ilikuwa mikononi mwa kampuni saba za Kimagharibi, ambazo Muitaliano Enrico Mattei alizipachika jina la Dada Saba. Ndizo zilizochimba, zilizosafirisha na zilizosafisha. Muhimu zaidi, ndizo zilizotaja bei. Serikali yenye ardhi ilipokea mapato yaliyokokotolewa kutokana na bei hiyo iliyotajwa na mgeni. Kampuni iliposhusha bei kwa kalamu, ilikuwa imepunguza bajeti ya taifa zima pasipo kumwuliza waziri wake. Iran ilipotaifisha mafuta yake mwaka 1951 chini ya Mohammad Mossadegh, mafuta hayo yalisusiwa, na mnamo Agosti 1953 kiongozi huyo akapinduliwa kwa njama iliyohusisha Marekani na Uingereza. Wengine walipata funzo: mkono mmoja haulei mwana.

Agosti 1960 kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilishusha bei kwa mara nyingine bila kushauriana na wenye visima, na kampuni nyingine zikafuata. Mwezi uliofuata wawakilishi wa Iran, Iraki, Kuwaiti, Saudia na Venezuela walikutana Baghdad na kuunda Shirika la Nchi Zinazouza Mafuta kwa Wingi, yaani OPEC. Waasisi wake wawili mashuhuri walikuwa Juan Pablo Pérez Alfonzo wa Venezuela na Abdullah Tariki wa Saudia.

Wazo la Pérez Alfonzo halikuzuka hivi hivi. Alikuwa ameichunguza Tume ya Reli ya Texas, idara ya jimbo ambayo, licha ya jina lake, tangu miaka ya 1930 iligawia visima vya Texas viwango vya uzalishaji ili bei isiporomoke. Hapa msomaji wa fasihi aanze kutega sikio. Texas ilipozuia mafuta yasitoke ardhini, kitendo hicho kiliitwa uhifadhi wa maliasili. Caracas na Riyadh zilipokiiga, wanasiasa wengi wa Washington walikiita ulanguzi wa genge. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni mwenye kisima, na mwenye kamusi hakupendezwa. Kwa hivyo, tunapolikosoa shirika hili tusisahau kwamba lilizaliwa kutokana na dai la haki: mwenye mali ashiriki katika kutaja bei ya mali yake.

Rafiki, Hasimu na Bei Isiyojua Urafiki

Oktoba 1973, Misri na Syria zilipokuwa vitani dhidi ya Israeli, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliamua kupunguza uzalishaji na kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi kwa kuiunga mkono Israeli. Msamiati mpya ukazuka. Mataifa yanayonunua yakawekwa katika makundi: marafiki, mahasimu na wale walio kati na kati. Ni lugha ya kishairi, inayoleta picha ya muuzaji anayepima shehena kwa mizani ya utu na mshikamano.

Bei nayo haikuwa na habari na urafiki huo. Pipa ambalo bei yake ya kutangazwa ilikuwa takriban dola 3 mwanzoni mwa Oktoba lilifikia dola 11.65 kuanzia Januari 1, 1974. Isitoshe, aliyelishinikiza sana ongezeko la mwisho katika mkutano wa Tehran alikuwa Shah wa Iran, ambaye hakuwa Mwarabu, hakujiunga na vikwazo hivyo, na aliendelea kuiuzia mafuta hata Afrika Kusini ya wabaguzi wa rangi.

Bara letu lilijikuta pabaya. Katika miezi hiyo hiyo mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, yalivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli. Wengi walitumaini kwamba mshikamano huo ungerudishwa kwa bei nafuu. Matumaini yalitoka patupu: maskini alinunua kwa bei ya tajiri. Badala ya nafuu ya bei, ilikuja mikopo na misaada. Mkutano wa viongozi wa Kiarabu mjini Algiers, Novemba 1973, uliafiki kuundwa kwa Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, na mwaka 1976 OPEC ikaanzisha mfuko wake wa maendeleo. Sidai kwamba fedha hizo hazikujenga barabara wala kuchimba visima vya maji. Ninachosema ni kwamba muuzaji alichukua kwa mkono wa kulia kutoka kwa wote, kisha akakopesha kidogo kwa mkono wa kushoto, na ule wa kushoto ndio ulioitwa udugu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndugu Wagombanapo

Iwapo udugu haukuwa msingi wa uhusiano wa wauzaji na wanunuzi, je, ulikuwa msingi wa uhusiano wa wauzaji wao kwa wao? Historia inajibu kwamba la. Iran na Iraki, waasisi wawili, zilipigana kuanzia 1980 hadi 1988, na katika muda wote huo mawaziri wao waliendelea kuwa wanachama wa shirika moja. Mwaka 1990 Saddam Hussein alidai kwamba Kuwaiti, kwa kuzidisha mafuta kupita mgawo wake na kushusha bei, ilikuwa ikiipiga Iraki vita vya kiuchumi. Agosti 2 mwaka huo majeshi yake yakavuka mpaka. Neno mgawo, ambalo katika taarifa za mikutano husomeka kama hesabu kavu, lilikuwa limegeuka kisingizio cha uvamizi.

Wasiopigana kwa bunduki hupigana kwa mapipa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 Saudia ilijitwika mzigo wa kupunguza mafuta yake ili kutetea bei, huku wenzake wakizidisha yao kimyakimya. Uzalishaji wake ulishuka kutoka takriban mapipa milioni 10 kwa siku mwaka 1980 hadi chini ya milioni 3 katikati ya mwaka 1985. Hatimaye ilichoka, ikafungua mifereji, na katika mwaka 1986 bei ikaanguka hadi chini ya dola 10. Waziri wake aliyesifika duniani, Ahmed Zaki Yamani, alifutwa kazi Oktoba mwaka huo.

Mkasa wa mwaka 2020 ulifanana na huo. Tangu Desemba 2016 OPEC ilikuwa imeshirikiana na Urusi na nchi nyingine zisizo wanachama katika muungano unaojulikana kama OPEC+. Machi 6, 2020, huku ugonjwa wa korona ukianza kusimamisha ndege na viwanda, Urusi ilikataa kupunguza uzalishaji zaidi. Saudia ikajibu kwa kupunguza bei na kutangaza kuongeza mafuta. Machi 9 bei ilianguka kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa siku moja tangu Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Baada ya mwezi mmoja wa hasara, na baada ya Rais Donald Trump wa Marekani kuingilia kati, wapinzani hao walirudi mezani. Aprili 12 waliafikiana kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku kuanzia Mei. Hata hivyo maghala yalikuwa yakijaa, na Aprili 20 mkataba wa mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei ulifungwa kwa dola 37.63 chini ya sufuri: aliyekuwa na mafuta alimlipa mwenzake ili amwondolee.

Msomaji atauliza: hawa ni marafiki au maadui? Kwa maoni yangu, ni washindani ambao hawawezi kuachana. Ndiyo maana lugha yao haina budi kuwa laini. Tamko linalotiwa sahihi na mahasimu sharti liandikwe kwa namna ambayo kila mmoja anaweza kurudi nalo nyumbani bila kuonekana ameshindwa. Julai 2021 Saudia na Milki za Kiarabu zilivutana hadharani kuhusu kiwango cha msingi kinachotumiwa kukokotolea mgawo. Mzozo ulitatuliwa kwa kupandisha kiwango cha Milki hizo hadi mapipa milioni 3.5 kwa siku. Angola haikuridhishwa na mgawo wake, na Desemba 2023 ilitangaza kujitoa katika shirika. Nyuma ya kila sentensi ya upole kuna ubishi wa aina hii.

Uthabiti wa Nani?

Fungu la maneno linalotawala matamko hayo ni uthabiti wa soko. Kupunguza mafuta huitwa marekebisho. Nchi zinapopunguza zaidi ya mgawo, huitwa marekebisho ya hiari. Aprili 2023, kadhaa kati ya nchi hizo zilipotangaza upunguzaji wa ghafla, zilieleza kwamba ilikuwa hatua ya tahadhari ya kuunga mkono uthabiti wa soko. Hakuna mahali msomaji anapokutana na kitenzi pandisha. Bei haina mtendaji. Hupanda yenyewe kama moshi. Mwanaisimu ataona hapa mbinu anayoifahamu vyema: kitenzi hugeuzwa nomino, mtenda akapotea, na mtendwa akapotea pamoja naye.

Juni 4, 2023, waziri wa nishati wa Saudia, Mwanamfalme Abdulaziz bin Salman, alitangaza kwamba nchi yake ingepunguza mapipa mengine milioni moja kwa siku kuanzia Julai. Alipozungumza na wanahabari aliifananisha hatua hiyo na peremende ya kijiti, ile wanayopewa watoto. Katika ukumbi ule ulikuwa mzaha. Mafuta ghafi ya Brent, yaliyokuwa karibu dola 75 kwa pipa mwishoni mwa Juni, yalipita dola 90 mwezi Septemba. Katikati ya Oktoba lita moja ya petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 217.36.

Ni kweli kwamba peremende hiyo haikuwa sababu pekee. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikuwa imeongeza ushuru wa thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na shilingi yetu ilikuwa ikidhoofika mbele ya dola. Serikali za wanunuzi nazo zina tasfida zao, na si vyema kumtupia Mwarabu kila lawama ilhali sehemu ya bei imeundwa bungeni petu. Lakini hili linaipa hoja yangu uzito zaidi. Mwananchi asiyepewa lugha ya kutenganisha bei ya kisimani, bei ya dola na kodi ya nyumbani hawezi kujua amwulize nani swali gani.

Wala wakubwa wanaonunua hawana lugha safi kuliko wauzaji. Julai 2022 Rais Joe Biden alikwenda Jeddah, ingawa mwaka 2019 alikuwa ameahidi kuifanya Saudia itengwe na dunia. Oktoba 2022 OPEC+ ilipoamua kupunguza mapipa milioni 2 kwa siku, Ikulu ya Marekani ilisema muungano huo unaegemea upande wa Urusi, iliyokuwa ikipigana Ukraine. Saudia ikajibu kwamba uamuzi ulikuwa wa kiuchumi tu. Kila upande ulichagua neno lililoufaa: mmoja siasa, mwingine uchumi. Ikumbukwe pia kwamba Marekani yenyewe ilikuwa imekuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani tangu mwaka 2018, na hakuna anayeyaita mafuta yake silaha.

Serikali kwa Serikali

Tukirudi kwetu, tutaona kwamba tumejifunza haraka kutumia maneno ya kutia matumaini. Agosti 2019 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Kenya sasa ni muuzaji mafuta, na mwezi huo huo shehena ya kwanza kutoka Turkana, mapipa 240,000, ikaondoka Mombasa. Wakati huo dunia ilikuwa ikitumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku. Shehena yetu ingeitosha kwa dakika tatu na ushei. Sibezi jasho la waliochimba. Ninapima neno muuzaji kwa kipimo cha wale wanaoamua bei.

Uhusiano wetu halisi na diplomasia hii ni wa mnunuzi. Machi 2023 Kenya ilitia sahihi mpango wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka Saudi Aramco ya Saudia na ADNOC na ENOC za Milki za Kiarabu, kwa nia ya kupunguza msukumo wa kutafuta dola kila mwezi. Mpango huo ulijulikana kama wa serikali kwa serikali. Neno hilo lina heshima. Lina bendera mbili na saluti. Lakini wauzaji walikuwa kampuni, mkopo ulikuwa deni, na deni la mafuta hulipwa na anayejaza tangi na anayepanda matatu. Mpango huenda ulikuwa na manufaa yake. Ninachohoji ni jina ambalo halimtaji mwananchi ilhali yeye ndiye mlipaji.

Uganda, ambayo kwa miaka mingi ilipata mafuta yake kupitia wafanyabiashara wa Kenya, haikuridhika. Mwishoni mwa 2023 ilibadilisha sheria ili kampuni yake ya taifa iagize mafuta moja kwa moja kupitia kampuni ya Vitol, na ikafikisha mzozo huo na Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Suluhu ilipatikana mwaka 2024. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2016, Uganda hiyo hiyo ilikuwa imeamua bomba la mafuta yake ghafi lipite Tanzania hadi Tanga badala ya kupitia Kenya.

Tazama basi kinaya kilichopo. Wauzaji waliowahi kuvamiana hukaa meza moja kujadili pipa. Wanunuzi wa Afrika Mashariki, walio na jumuiya, bunge, mahakama na lugha moja, walishtakiana kuhusu namna ya kulinunua. Wale hawana udugu, lakini wana hesabu ya pamoja. Sisi tuna wimbo wa udugu na kila mmoja ana hesabu yake.

Hitimisho

Nini basi cha kufanya kwa watu ambao nyenzo yao ni lugha? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache kutafsiri matamko ya wauzaji neno kwa neno. Tamko likisema marekebisho ya hiari kwa ajili ya uthabiti wa soko, taarifa ya Kiswahili iseme kwamba nchi fulani zimepunguza mafuta ili bei isishuke, na itaje nchi hizo. Huko si kuegemea upande. Ni kumrudisha mtenda katika sentensi yake.

Pili, tuunde na kusambaza istilahi zinazotofautisha mambo. Neno letu mafuta hubeba ya kupikia, ya kujipaka, ghafi, petroli na dizeli. Kichwa cha habari kikisema bei ya mafuta imeshuka, mama muuza samaki hushangaa kwa nini nauli haijashuka. Hakuna aliyemwambia kwamba iliyoshuka ni bei ya mafuta ghafi ya Brent, na kwamba petroli anayoilipia ilitokana na shehena zilizowasili wiki kadhaa nyuma, ikaongezewa usafirishaji, faida na kodi. Ghafi, mgawo, bei ya kutua bandarini, kiwango cha msingi: haya ni maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuyamudu akifundishwa.

Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania vilifanye suala hili kuwa mada ya kongamano la pamoja, na viwaalike wanauchumi waje waeleze kwa Kiswahili. Serikali zetu zitakapoketi tena kujadili ununuzi wa mafuta au njia ya bomba, raia wa nchi hizi tatu wawe wanayaelewa maneno ya mkataba kwa lugha moja, na wawe wanaweza kuuliza kwa sauti moja: uthabiti huo ni wa nani, na nani atakayeulipia?